Utulivu Uliofanyiwa Kazi: Mandhari ya Pwani Katika Uchoraji wa Romania Baada ya Vita

Picha ya mandhari ya pwani iliyochorwa Romania baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia huwa ndogo. Mara nyingi ni kipande cha kadibodi au turubai kinachobebeka kwapani, kimechorwa kwa rangi za mafuta, na ndani yake hakitokei kitu. Kuna ufuo, mashua moja au mbili zilizovutwa nchi kavu, ukuta mweupe wa nyumba, genge la udongo wa manjano, kisha maji na anga. Watu wakiwapo ni madoa mawili matatu ya rangi. Dhoruba haimo, wala chombo kinachozama, wala shujaa aliyesimama juu ya jabali. Anayeitazama kwa haraka hudhani mchoraji alikaa tu akanakili alichokiona. Kumbe utulivu huo umetengenezwa, hatua kwa hatua, na ustadi wa kuutengeneza una historia yake.

Mwambao wenyewe ni mfupi. Romania ina takribani kilomita 245 za pwani, zote upande wa magharibi wa Bahari Nyeusi, katika jimbo la Dobrogea lililobanwa kati ya mto Danubi na bahari. Kaskazini ni delta ya mto huo: matete, mifereji, na maziwa ya Razim na Sinoe yaliyotengwa na bahari kwa ukanda mwembamba wa mchanga. Nchi huko ni bapa kabisa. Kusini mambo hubadilika. Kuanzia karibu na mji wa Constanța hadi Mangalia na kijiji cha Vama Veche, mpakani na Bulgaria, ardhi huinuka ikawa magenge ya udongo mkavu wa manjano uliolala juu ya mawe ya chokaa. Dobrogea ndilo jimbo kavu kuliko yote nchini; miti ni michache, mvua ni haba, na mwanga wa kiangazi huiangukia ardhi bila kuchujwa na majani.

Bahari nayo ina tabia zake. Kupwa na kujaa kwake ni kwa sentimita chache tu, kiasi ambacho jicho halikitambui. Msomaji aliyezoea bamvua la Bahari ya Hindi, ambako mashua hulala ubavu matopeni na saa chache baadaye zikaelea, atashangaa kuona huko mstari wa maji haubanduki mahali pake tangu asubuhi hadi jioni labda upepo uusukume. Kwa mchoraji hilo ni jambo kubwa: umbo la ufuo alilolichora saa mbili asubuhi atalikuta vilevile saa tano. Kinachobadilika ni mwanga. Pwani hii inaelekea mashariki, kwa hiyo asubuhi jua hutokea baharini na kumpiga mchoraji usoni. Maji huwa ya fedha, na mashua huwa maumbo meusi yasiyo na undani. Alasiri jua liko mgongoni mwake. Maji hushika buluu nzito, na kuta na magenge huwaka. Hizo ni picha mbili tofauti za mahali pamoja, na kuchagua moja ndiyo kazi ya kwanza.

Bahari hii iliingia katika uchoraji wa Romania kwa kuchelewa, kwa kuwa Dobrogea ya kaskazini ilikuwa chini ya Dola ya Uthmaniya na ikawa ya Romania mwaka 1878 tu. Kabla ya hapo wachoraji wa nchi walikuwa watu wa vilima, misitu na mikokoteni ya ng'ombe. Aliyewafundisha kutoka nje ya chumba cha kazi ni Nicolae Grigorescu (1838–1907), aliyekwenda Ufaransa mwaka 1861 na kufanya kazi katika kijiji cha Barbizon, walikokusanyika wachoraji waliobeba rangi zao hadi msituni ili kuchora mbele ya mti wenyewe. Ioan Andreescu alifuata njia hiyohiyo. Kutoka kwao uchoraji wa Romania ulipata kanuni iliyodumu: mandhari ndogo iliyochorwa papo hapo ni kazi kamili, haihitaji kusubiri ikuzwe kuwa kitu kingine.

Darasa la pili lilikuwa mji wa Balcic. Baada ya Vita vya Pili vya Balkani mwaka 1913, Romania ilichukua Dobrogea ya kusini kutoka Bulgaria, na katika miaka ya 1920 na 1930 bandari hiyo ndogo ikawa makao ya kiangazi ya wachoraji. Ulikuwa mji wa Waturuki, Watatari, Wabulgaria na Wagiriki, wenye nyumba zilizopanda juu ya magenge meupe yanayoitazama bahari. Malkia Maria naye alianza kujenga kasri lake hapo mwaka 1924. Nicolae Tonitza, Francisc Șirato, Ștefan Dimitrescu, Iosif Iser, Nicolae Dărăscu, Jean Alexandru Steriadi na Lucian Grigorescu wote walichora huko. Weupe wa Balcic uliwafunza somo ambalo chumba cha kazi cha Bucharest kisingeweza kulitoa: chini ya jua kali, ukuta mweupe huwa na rangi kila mahali, na kivuli chake kinaweza kuwa buluu, zambarau au hata kijani, lakini kijivu kitupu hakiwi. Tarehe 7 Septemba 1940, kwa mkataba uliotiwa saini Craiova, Dobrogea ya kusini ilirudishwa Bulgaria. Mji ukaenda. Wachoraji waliobaki hai walirudi kaskazini ya mpaka na macho yaliyokwisha kufunzwa.

Vita vilipokwisha, nchi ilikuwa nyingine. Tarehe 30 Desemba 1947 Mfalme Mihai alilazimishwa kung'atuka na jamhuri ya kikomunisti ikatangazwa. Mwaka 1950 wasanii waliwekwa ndani ya muungano mmoja wa taifa, na mfuko wa wasanii ukawa mlango wa kupitia kupata vifaa, kazi za kuagizwa na mahali pa kuuzia. Mtindo rasmi ulikuwa uhalisia wa kijamaa uliotoka Umoja wa Kisovyeti: turubai kubwa, wafanyakazi, mikutano, mashujaa wa mapinduzi. Alexandru Ciucurencu, mwenye mkono mwepesi kuliko wengi katika rangi, alichora mwaka 1949 picha ya Ana Ipătescu, mwanamke wa mapinduzi ya 1848, akiuongoza umati. Katika ngazi hiyo mandhari ilikuwa chini. Haikupigwa marufuku, lakini haikutegemewa kusema lolote la maana, isipokuwa pale ilipoonyesha bomba la kiwanda au winchi ya bandarini.

Hali hiyo ya kudharauliwa iliipa mandhari nafasi. Turubai kubwa lilijadiliwa na kamati. Kadibodi yenye mashua mbili haikumshughulisha mtu. Humo ndimo wachoraji waliendelea kufanya mazoezi ya jambo walilolijua, yaani kuweka rangi karibu na rangi mpaka zielewane. Baada ya kifo cha Stalin mwaka 1953 kamba ililegea kidogo, na katikati ya miaka ya 1960 ikalegea zaidi. Mwaka 1965 yalifanyika Bucharest maonyesho makubwa ya kazi za Ion Țuculescu, aliyekuwa amefariki miaka mitatu nyuma, na umma ukaona wazi kwamba uchoraji wa rangi haukufa katika miaka ile.

Ni lazima kusema pia lile ambalo picha hizi hazilionyeshi. Katika Dobrogea hiyohiyo, kati ya 1949 na 1953, wafungwa wakiwamo wengi wa kisiasa walichimbishwa mfereji wa kuunganisha Danubi na Bahari Nyeusi, na wengi walifia kazini. Kazi ilisimamishwa, ikaanzwa upya miaka ya 1970, na mfereji ukafunguliwa mwaka 1984. Ufuo mtulivu wa kwenye kadibodi uko mwendo mfupi kutoka kwenye kambi hizo. Utulivu wa picha si habari kuhusu nchi ilivyokuwa.

Mahali pa kuchorea napo palihama. Tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 ukanda wa mchanga wa Mamaia, kaskazini ya Constanța, ulijengwa hoteli kwa wingi, kisha ikafuata miji ya mapumziko karibu na Mangalia. Waliotafuta ufuo usio na miavuli walikwenda vijiji vya 2 Mai na Vama Veche, ambavyo vilijulikana kwa wasanii na wasomi, au kaskazini kwenye delta, Sulina na Jurilovca, kwa wavuvi Walipovani, wazao wa Warusi wa madhehebu ya kale waliokimbilia huko kwa sababu ya imani yao. Wavuvi hao ndio waliowapa wachoraji kitu kinachoonekana tena na tena katika picha za pwani hii: mashua iitwayo lotca, nyeusi kwa kupakwa lami, iliyochongoka omo na tezi, na ncha zote mbili zimenyanyuka.

Kazi ya kuitengeneza picha huanzia kwenye kadibodi yenyewe. Ni rahisi kupatikana, haijeruhiki njiani, na inaingia katika kisanduku cha rangi. Ikipakwa gundi nyepesi tu, hunywa sehemu ya mafuta, na rangi hukauka bila kung'aa, ikawa na sura ya ukuta uliopakwa chokaa. Sura hiyo inaifaa pwani kavu ya Dobrogea kuliko mng'ao wa vanishi. Zaidi ya hayo, hudhurungi ya kadibodi hutumika kama rangi mojawapo. Mchoraji stadi huiacha wazi kati ya mipigo ya brashi, na macho ya mtazamaji huisoma kuwa mchanga.

Uamuzi unaofuata ni mahali pa upeo. Upeo ukikata picha katikati, huigawa nusu kwa nusu na jicho halijui liende wapi. Ukipandishwa juu, ufuo na mashua hupata nafasi na bahari hubaki utepe. Ukishushwa, anga hutawala, na hapo ndipo picha nyingi za delta zinapopata ukimya wake. Popote utakapowekwa, lazima uwe sawa kabisa. Genge linaweza kuinama, mlingoti unaweza kulala, lakini upeo ukienda upande hata kwa upana wa uzi, maji huonekana yanamwagika nje ya picha. Hata hivyo hauchorwi kwa rula. Mkono huupitisha kwa pumzi moja, kisha huulainisha pale ambapo ukungu wa mbali unaunganisha maji na anga.

Mistari ya kulala ndiyo inayotuliza: upeo, ukingo wa maji, mgongo wa mchanga, paa. Ikiwa ni hiyo tu, picha husinzia. Kwa hiyo huwekwa kitu kimoja cha kusimama, kama mlingoti, nguzo ya kuanikia nyavu au mwanamke aliyevaa kitambaa cheupe, na mahali pake hupimwa kwa uangalifu, kwa sababu hapo ndipo macho yatakapotua kwanza na kurudi mwisho. Kikisogezwa kidogo kuelekea katikati, picha yote hukakamaa.

Kisha unakuja mpangilio wa mwanga na giza. Mchoraji hukunja macho mpaka vitu vidogo vipotee na yabaki maeneo makubwa matatu au manne: anga, maji, mchanga, na kitu cheusi. Akiyapata hayo kwa uwiano sahihi, picha itasimama hata kama hakuna kingine kilichoongezwa. Mashua ya lami humsaidia hapa. Kwa kuwa ni nyeusi kuliko vyote, huwekwa mapema iwe kipimo, na kila rangi nyingine hupimwa dhidi yake. Lakini weusi huo hautoki moja kwa moja kwenye tyubu. Ubavu unaotazama anga hushika buluu. Sehemu ya chini inayopokea nuru iliyorudishwa na mchanga huwa hudhurungi yenye joto. Na kwenye mbao za juu, ambako lami imeliwa na jua, huwa kijivu. Chini kabisa, pale mashua inapogusa ardhi, hupita mstari mwembamba wa kivuli kizito. Mstari huo ukikosekana, mashua huelea hewani hata kama imechorwa vizuri namna gani.

Rangi inayobeba picha hizi ni kijivu. Kijivu hicho hakipatikani kwa kuchanganya nyeusi na nyeupe, maana mchanganyiko huo huwa mfu. Hupatikana kwa kuzikutanisha rangi zinazopingana, buluu na machungwa, au kijani na wekundu wa udongo, kisha kuongeza nyeupe. Kijivu cha namna hiyo kinaweza kuelekezwa upande wa joto au wa baridi kwa tone moja. Kijivu cha baridi kikiwekwa kando ya cha joto, kila kimoja humfanya mwenzake aonekane ni rangi kamili: mchanga huonekana una waridi, na maji huonekana ya samawati, ingawa vikitazamwa peke yake vyote ni vumbi. Nyeupe tupu huwekewa akiba. Ukuta wa juani huchanganywa na manjano ya udongo, wa kivulini na buluu au zambarau, na nyeupe isiyochanganywa hupewa mahali pamoja tu, pengine ukingo wa dirisha au tanga la mbali.

Maji matulivu yana sheria zake. Karibu na miguu ya mtazamaji, jicho hutazama chini na kupenya hadi kwenye mchanga, kwa hiyo maji huwa ya kijani chenye udongo. Kadiri yanavyokwenda mbali, jicho huyatazama kwa kuyaambaa, nayo huwa kioo cha anga. Taswira ya kitu cheupe majini huwa nyeusi kidogo kuliko kitu chenyewe, na ya kitu cheusi huwa nyeupe kidogo. Taswira hushuka wima, lakini viwimbi huikata kwa mistari ya kulala. Asiyejua hayo huchora bahari kwa mawimbi mengi madogo, na matokeo yake ni zulia. Anayejua hupaka eneo pana, huweka mikato minne au mitano, na kuacha.

Kuacha ndiko kugumu. Kila kitu kinachoongezwa baada ya uwiano kupatikana, kamba, kokoto, ndege, huomba kutazamwa, na utulivu huondoka kidogokidogo. Ndiyo maana picha bora za aina hii huonekana kana kwamba zimekatizwa, na kadibodi inachungulia pembeni.

Kanuni hizi ni za wote, lakini kila mkono ulizitumia kwa namna yake. Lucian Grigorescu (1894–1965), mzaliwa wa Medgidia katika Dobrogea, aliwahi kuishi kusini mwa Ufaransa, Cassis, na hakuacha kamwe kutazama kama watu wa mwanga. Kwake umbo huyeyuka ndani ya mipigo mifupi ya brashi yenye unyevu, na bahari hutetemeka hata pasipo upepo. Ciucurencu (1903–1977), mzaliwa wa Ciucurova karibu na Tulcea, aliyepitia mafunzo ya André Lhote huko Paris, alipunguza: maeneo mapana ya rangi nyepesi, mstari mchache unaopita juu yake, na wekundu mmoja unaoshikilia vyote. Henri Catargi (1894–1976), aliyesoma Paris pia, alijenga. Vilima na magenge yake ni vipande vilivyopangwa kwa uzito, udongo chini, buluu juu, kwa mpango usioruhusu kitu kuteleza. Wa kwanza anapata utulivu kutoka katika hewa, wa pili kutoka katika uchache, wa tatu kutoka katika muundo.

Wapo wanaozisoma picha hizi zote kama upinzani wa kimyakimya dhidi ya utawala. Usomaji huo unavutia lakini unapita kiasi. Mandhari ndogo ilinunuliwa na watu wa kawaida kwa ajili ya sebule zao, ilipambia ofisi za serikali, na ilichorwa na waliopewa heshima na dola sawa na waliosahauliwa. Nyingine ni za kuuza tu, zikirudia mashua ileile kwa mkono uliochoka. Kinachozitenga nzuri na dhaifu kinaonekana ndani ya picha: kama kijivu kina uhai, kama upeo umepimwa, kama mashua imekaa ardhini.

Kazi za wachoraji hawa huonekana katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa yaliyomo ndani ya lililokuwa kasri la kifalme Bucharest, katika makumbusho ya sanaa ya Constanța na ya Tulcea, na Medgidia, ambako makumbusho yamepewa jina la Lucian Grigorescu. Kuzitunza kunahitaji uangalifu, maana kadibodi hupinda kwa unyevu, pembe zake hukatika, na asidi iliyomo huifanya iwe nyeusi zaidi mwaka hadi mwaka, hata ile sehemu iliyoachwa wazi iwe mchanga ikaanza kuonekana kama udongo wa mvua. Aliyepaka vanishi baadaye kwa nia njema huongeza umanjano na kuua ule ukavu wa chokaa uliotafutwa tangu mwanzo. Kwa sababu hiyo wahifadhi hupendelea kuziweka nyuma ya kioo, mbali na jua la moja kwa moja, bila kuzipaka chochote.